Kuvua mbasa kwa kijiko cha chuma ukiwa ufukweni

Samaki anayeitwa samoni anatajwa sana siku hizi, na wapo wanaouliza kama anaweza kupatikana kwenye maji ya kwetu. Jibu ni hapana. Samoni ni samaki wa maji baridi ya kaskazini mwa dunia, katika bahari za Atlantiki na Pasifiki. Anazaliwa mtoni, anakulia baharini, kisha anarudi mtoni kutaga mayai.

Lakini jirani yetu, katika Ziwa Nyasa, yupo samaki ambaye Waingereza wa enzi za ukoloni walimwita samoni wa ziwa. Wavuvi wa Kyela humwita mbasa, na ndugu zetu wa Malawi humwita mpasa. Kwa nasaba hayuko karibu na samoni kabisa. Walimpa jina hilo kwa sababu ya mwenendo wake: anakulia ziwani, na mvua zikijaza mito hupanda mtoni kutaga. Pia hukimbilia chuma kinachong'aa majini, kama samoni anavyofanya.

Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kumvua mbasa kwa chambo cha chuma ukiwa umesimama nchi kavu, bila mtumbwi na bila wavu. Tunaeleza pia ni mahali gani na wakati gani hafai kuvuliwa, maana bila kulijua hilo, ufundi wote huu utatumaliza samaki.

Mito miwili yenye jina moja

Mkoa wetu wa Songwe, uliotengwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una mito miwili inayoitwa Songwe, na watu huichanganya. Songwe wa kwanza huelekea kaskazini na kuingia Ziwa Rukwa, kama ulivyo mto Momba. Songwe wa pili ni ule wa mpakani. Unapita Ileje, unatenganisha Tanzania na Malawi, unashuka hadi Kyela na kuingia Ziwa Nyasa.

Mbasa ni samaki wa huu wa pili. Hayupo Rukwa. Ukimtaka kutoka Tunduma, utapita Vwawa, Mbeya na Tukuyu hadi Kyela, na ukipenda utaendelea hadi Matema. Ukiwa Ileje, mto unaopita jirani nawe ndio unaofika kwake.

Mbasa ni samaki wa namna gani

Kitaalamu anaitwa Opsaridium microlepis. Ni mrefu, mwembamba, mwenye magamba madogo ya rangi ya fedha. Aliyekomaa vizuri anaweza kukaribia nusu mita. Anaye ndugu yake mdogo anayeitwa sanjika, ambaye naye hupanda mito.

Mbasa ni mwindaji. Chakula chake kikubwa ni samaki wadogo, hasa usipa. Huwafuata usipa kwenye maji ya wazi, na kundi la usipa likisogea ufukweni, mbasa husogea nalo. Hiyo ndiyo nafasi ya mvuvi wa nchi kavu. Ukiona usipa wanaruka juu ya maji kama mvua ya mawe, au ndege wanapiga mbizi sehemu moja, ujue chini yao kuna mwindaji.

Mvua zinapoongeza maji mitoni, mbasa waliokomaa hukusanyika kwenye midomo ya mito na kupanda. Hutafuta mahali penye maji yanayokwenda, yasiyo na kina kirefu, na chini pawe na changarawe safi. Hapo hutaga. Aina nyingi za samoni wa Pasifiki hufa baada ya kutaga, lakini mbasa hurudi ziwani, na akiachwa hai hupanda tena kutaga. Kwa hiyo mbasa mmoja jike anayenusurika leo ni samaki wengi wa miaka ijayo.

Kijiko ni nini, na kwa nini kinadanganya samaki

Tunaposema chambo hapa, tuna maana ya kile kinachowekwa kwenye ndoana, si yule samaki wa Ziwa Nyasa anayeitwa chambo.

Chambo cha chuma tunachokizungumzia ni kipande cha chuma kilichobonyea kama kijiko, chenye tundu kila mwisho. Tundu moja hufungwa mshipi, lingine hufungwa ndoana. Inasimuliwa kwamba Mmarekani Julio Buel alidondosha kijiko chake ziwani akiwa anakula, akaona samaki akikiparamia kikizama, naye akapata wazo. Mwaka 1852 alipewa hataza ya chambo cha namna hiyo.

Siri iko kwenye ule mbonyeo. Kijiko kikivutwa, maji hukisukuma upande huu kisha upande ule, kikawa kinayumba na kumetameta. Kwa mbasa anayekitazama kutoka chini, ni usipa aliyejeruhiwa, asiyeweza kukimbia vizuri.

Vifaa na jinsi ya kuvipata

Mwenye uwezo hununua ufito wa kuvulia wenye mashine ya kukunjia mshipi. Ufito wa urefu wa mita 2 na nusu hadi 3 unatosha kurusha mbali kutoka ufukweni. Mshipi wa nailoni wenye unene wa milimita 0.28 hadi 0.35 unafaa. Mwembamba zaidi ya hapo hukatwa na mawe, na mnene zaidi hauruki mbali.

Kwa ufukwe wa ziwa, tumia kijiko cha gramu 15 hadi 30. Upepo ukiwa mkali, tumia kizito zaidi. Maji yakiwa maangavu na jua likiwa juu, rangi ya fedha hufanya kazi. Alfajiri, jioni, au maji yakiwa yamechafuka kidogo, rangi ya shaba huonekana vizuri zaidi.

Asiye na ufito anaweza kutumia chupa tupu ya plastiki iliyo ngumu au kopo. Zungushia nailoni kwenye chupa kwa mpangilio, safu moja juu ya nyingine. Shika chupa kwa mkono mmoja, kitako chake kikielekea ziwani. Kwa mkono mwingine zungusha kijiko kikiwa kimening'inia kiasi cha nusu mita, kisha kiachie kielekee mbele. Nailoni itafyatuka yenyewe kutoka kwenye chupa. Wakati wa kuvuta, vaa kitambaa kidoleni, maana nailoni yenye samaki hukata ngozi.

Kutengeneza kijiko nyumbani

Chukua kijiko cha chai cha chuma kisichoshika kutu. Kata mpini wake kwa msumeno wa chuma, ubaki na sehemu ya kuchotea. Toboa tundu dogo kila mwisho, milimita chache kutoka ukingoni. Piga tupa kingo zote ziwe laini, kwa sababu kingo kali zitakata mshipi na mkono wako.

Kwenye kila tundu weka pete ndogo, kama zile za kushikia funguo lakini ndogo zaidi. Usifunge nailoni moja kwa moja kwenye tundu la chuma, itasagika. Pete ya nyuma ibebe ndoana moja. Ndoana yenye meno matatu hunasa kwenye mawe mara kwa mara, na humuumiza samaki unayetaka kumrudisha majini. Kwa koleo, bana ule mwiba mdogo wa ndoana ulale. Samaki hatatoka kama mshipi umekaza, na ndoana itatoka kirahisi mdomoni mwake, au kidoleni mwako.

Kijiko kikizunguka, mshipi husokotana. Kuzuia hilo, weka kiungo kidogo kinachozunguka, kiasi cha nusu mita juu ya kijiko.

Fundo lake ni hili: pitisha nailoni kwenye pete, izungushe kwenye mshipi wake mara 5 au 6, rudisha ncha kwenye kitanzi kilicho karibu na pete, ilowanishe kwa mate, kisha vuta taratibu mpaka ikaze. Nailoni inayokazwa ikiwa kavu hupata joto na kudhoofika.

Pa kusimama

Ufukwe mrefu wa mchanga usio na kina si mahali pazuri sana. Tafuta mahali ambapo kina kirefu kiko karibu na nchi kavu: mawe yaliyoingia ziwani, rasi, au ukingo ambapo rangi ya maji inabadilika ghafla kutoka kijani hafifu kuwa bluu nzito. Upande wa Matema, ambako milima ya Livingstone inashuka hadi ziwani, kina huanza hatua chache tu kutoka kwenye mawe.

Saa bora ni alfajiri mpaka jua linapopanda, na jioni kabla ya giza. Mchana wa jua kali mbasa huwa mbali. Katikati ya mwaka upepo wa kusi, ambao wavuvi wengi wa Nyasa huuita mwera, huleta mawimbi makubwa. Siku hizo mawe huwa na utelezi, na si siku za kusimama rasini.

Kurusha na kuvuta

Kabla ya kurusha, tazama nyuma yako. Kijiko chenye ndoana kinaweza kumtoboa mtoto aliyesimama kutazama. Mwenye miwani, hata ya jua, aivae.

1. Rusha upande wa kushoto kwanza, kisha katikati, kisha kulia, kama anayefungua upepeo. Usirushe mara kumi mahali palepale.

2. Kijiko kikigusa maji, kaza mshipi kidogo na uhesabu polepole: moja, mbili, tatu. Kikifika chini mshipi utalegea. Tuseme umehesabu 10. Mara inayofuata anza kuvuta kwenye 7 au 8, ili kipite juu ya mawe bila kunasa. Baadaye jaribu 5, kisha 3, mpaka ujue samaki wako kina gani.

3. Vuta kwa mwendo ambao unasikia kijiko kikitetemeka mkononi. Usiposikia kitu, unavuta polepole mno. Kikizunguka kama pangaboi badala ya kuyumba, unavuta haraka mno.

4. Kila baada ya mizunguko michache, simama kwa sekunde moja ili kijiko kianguke kidogo, kisha endelea. Samaki wengi hupiga wakati huo, kwa sababu usipa anayezama ni usipa aliyeishiwa nguvu.

5. Ukisikia kishindo, inua ufito mara moja kwa uthabiti, bila kunyakua. Weka mshipi umekaza muda wote. Mbasa hukimbia kwa kasi na huruka juu ya maji. Akikimbia mwachie mshipi, akichoka mvute.

6. Usimnyanyue kwa mshipi kutoka chini ya mwamba mrefu. Mwongoze mpaka mahali pa chini, au tumia wavu mdogo wenye mpini.

Ukirusha nusu saa bila dalili yoyote, hama. Mvuvi wa kijiko hutembea.

Maziwa mengine ya jirani

Ziwa Rukwa halina kina kirefu na maji yake yana tope. Kijiko hakionekani humo. Kambale wa Rukwa hutafuta chakula kwa kunusa na kupapasa kwa sharubu zake, kwa hiyo ndoana yenye mnyoo au kipande cha samaki, ikiwa na chubwi la kuizamisha, itakufaa zaidi kuliko chuma kinachong'aa.

Ziwa Tanganyika, upande wa Kasanga mkoani Rukwa, lina maji maangavu sana, na ufundi huu huu hutumika kwa kuhe na sangara. Lakini kumbuka kwamba ziwa hilo hufungwa kwa vipindi. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi zilisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Uliza kwanza kabla ya safari.

Mdomo wa mto: pa kuacha

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Anayemjua mbasa atajiuliza: kama hukusanyika kwenye mdomo wa mto wakati wa mvua, kwa nini nisisimame hapo? Ni kweli kwamba hapo atapata samaki wengi kwa muda mfupi. Lakini samaki hao ndio wazazi, na wengi wana mayai tumboni. Kila jike anayetolewa hapo anaondoka na kizazi chake, kabla hajakiweka kwenye changarawe.

Kijiko kimoja hakimalizi samaki. Kinachowamaliza ni nyavu zinazotandazwa kuvuka mto mzima, mitego ya kuziba maji, makokoro na sumu. Ndiyo maana mbasa ameingia kwenye orodha ya kimataifa ya samaki walio hatarini kutoweka. Lakini mvuvi wa kijiko anayesimama kwenye mlango wa wazazi anaongeza mzigo juu ya mzigo.

Wenzetu wa Japani walilikata jambo hili mapema. Katika kisiwa cha Hokkaido, watu wengi huvua samoni kwa vijiko vya chuma wakiwa ufukweni mwa bahari wakati wa vuli. Lakini kumvua samoni mtoni ni marufuku kwa sheria, na midomo ya mito mingi ina eneo lililopigwa marufuku kwa msimu. Samaki anavuliwa baharini, na akishaingia mtoni ameachiwa njia.

Sisi tunaweza kuifuata kanuni hiyo bila kusubiri kulazimishwa: ziwani vua, mtoni acha. Miezi ya mvua, kaa mbali na midomo ya Songwe, Kiwira na mito mingine inayoingia Nyasa. Ukinasa mbasa mwenye tumbo lililojaa, mrudishe. Lowanisha mikono kabla ya kumshika, kwa sababu mkono mkavu humtoa ute unaomkinga na magonjwa. Usiingize vidole kwenye matamvua. Toa ndoana akiwa majini, mshike akiwa ameelekea mkondo mpaka apige mkia mwenyewe, kisha mwachie.

Wasikilizaji wa Ileje mna sehemu yenu

Huenda uko Ileje na hujawahi kurusha ndoana maishani. Hata hivyo unaweza kuwa na mchango kwa mbasa kuliko mvuvi wa Matema. Mayai yanahitaji changarawe safi yenye maji yanayopita katikati ya mawe. Shamba likilimwa mpaka ukingoni mwa mto, mvua ya kwanza hubeba udongo, na udongo huo hufunika changarawe. Mayai yaliyofunikwa na tope hukosa hewa na kufa.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wengi tunaijua kama sheria ya kutunyima bonde lenye rutuba. Ukanda huo wa majani na miti unazuia udongo wa shamba lako mwenyewe usiondoke, na unamlinda samaki ambaye jirani yako wa Kyela atakuuzia sokoni.

Usalama na sheria

Mto Songwe na fukwe za Nyasa zina mamba. Usisimame ndani ya maji, usichuchumae ukingoni kunawa samaki, na usivue peke yako wakati wa giza. Sehemu zilizotulia zenye majani zina konokono wanaoeneza kichocho, kwa hiyo bakia kwenye mawe makavu. Ukiona damu kwenye mkojo, nenda kituo cha afya. Kichocho kina dawa.

Songwe ni mpaka wa nchi. Kuvuka kwenda upande wa pili kufuata samaki ni kuvuka mpaka, hata kama maji yanafika magotini.

Uvuvi wa Tanzania unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi namba 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009. Baruti na sumu ni makosa, na makokoro hayaruhusiwi kwenye maziwa yetu. Kuhusu leseni, maeneo yaliyofungwa na ukubwa wa samaki unaoruhusiwa, muulize ofisa uvuvi wa halmashauri unakokwenda, au viongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi wa ufukwe huo, wale wanaojulikana kama BMU. Ukifika ufukwe wa wenyewe, piga hodi kwao kwanza. Watakuonyesha mawe mazuri, watakuambia mamba alionekana wapi mara ya mwisho, na watajua kwamba hukuja kwa wizi.